Sosi ya matufaha ya kopo: ni tunda ama ni dezati?

Uliza mama mboga yeyote wa Tassia kama ana sosi ya matufaha, uone atakavyokuangalia. Pengine atakupimia nyanya za kusaga, ama akuelekeze kwa jamaa wa chipsi aliye kando ya stage. Sosi, kwetu, ni ile nyekundu ya chupa ya kufinya. Na tufaha lenyewe ni neno la kitabuni. Kwenye mkokoteni linaitwa epo, na mwisho wa stori.

Lakini jina hili linatufuata. Ukitazama video za mapishi kwenye simu, huyu anasema weka kikombe cha sosi ya matufaha badala ya mafuta, yule anasema weka badala ya yai. Ukiwa na binamu Marekani anayetuma boksi la zawadi, kopo lenyewe linaweza kutua kwenye keja yako limeandikwa Applesauce, na hakuna anayejua lifunguliwe na chapati au na chai. Kwenye supa, rafu ya vyakula vya watoto ina vijichupa vya kitu kama hicho. Hata ile karatasi nyembamba iliyokunjwa ndani ya pakiti ya dawa ya asidi tumboni, ukiisoma hadi mwisho, unaweza kuikuta imetajwa. Hapo ndipo mtu wa Eastlands anajiuliza: kwani hii kitu ni nini, ina faida gani mwilini, na je, ninakosa kitu nisipoinunua?

Jibu langu, kabla hujashuka chini sana: hukosi. Ila kuna watu wawili ndani ya fleti ambao swali hili linawahusu zaidi ya wengine, naye wa kwanza hajaota hata meno yote. Tutamfikia.

Sosi yenyewe ni matufaha yaliyomenywa, yakatolewa mbegu, yakapikwa mpaka yakalainika, kisha yakapondwa. Basi. Wajerumani huila na vibanzi bapa vya viazi vilivyokwaruzwa na kukaangwa. Wamarekani huiweka kando ya nyama ya nguruwe, na watoto wao huibeba shuleni kwenye vikombe vidogo. Mwanaanga John Glenn alipozunguka dunia Februari 1962, alikula sosi ya matufaha huko juu kwa kuifinya kutoka kwenye tyubu, kama dawa ya meno. Wataalamu walitaka kujua kama binadamu anaweza kumeza chakula akiwa anaelea. Aliweza.

Kinacholeta utata si tufaha, ni sukari. Codex Alimentarius, chombo cha FAO na WHO kinachoandika viwango vya vyakula duniani, kina kiwango chake maalum cha sosi ya matufaha ya kopo, kilichopewa nambari 17 mwaka 1981. Kinagawanya makopo mara mbili. Lisilotiwa sukari linatakiwa liwe na vitu vilivyoyeyuka, ambavyo kwa sehemu kubwa ni sukari ya tunda lenyewe, visivyopungua asilimia 9. Lililotiwa sukari, visipungue asilimia 16.5. Kwa hivyo maneno sweetened na unsweetened kwenye lebo si mapambo. Ni bidhaa mbili tofauti zenye jina moja la ukoo. Na kama maandishi ya mbele ni madogo, geuza kopo usome orodha ya viungo: huwa inapangwa kuanzia kilicho kingi zaidi kwa uzito. Ukiona tufaha, kisha sukari au sharubati ya mahindi, kisha maji, umeshapata jibu.

Twende kwa namba, kwa sababu hapa ndipo watu hutiwa chumvi kutoka pande zote mbili. Kwa mujibu wa majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, gramu 100 za sosi isiyo na sukari ya kuongezwa zina kalori kama 42 na sukari ya tunda gramu 9 hivi. Iliyotiwa sukari inapanda hadi kalori 68 hivi na sukari karibu gramu 15. Nyuzinyuzi ni gramu 1 na kidogo kwa zote mbili. Vitamini C, kama kiwanda hakikuiongeza, ni miligramu 1 au 2, yaani karibu hakuna kitu.

Sasa tuwe wakweli. Nusu kikombe cha sosi yenye sukari kina sukari ya kuongezwa kama kijiko kimoja na nusu cha chai. Soda ya mililita 300 ina vijiko vinane hivi. Kwa hiyo mtu mzima akila kikombe kidogo cha sosi hii baada ya chakula, hajafanya dhambi. Amekula dezati nyepesi. Shida inaanza akiihesabu kama tunda la siku. WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, inasema sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita. Chai ya maziwa ya kibanda asubuhi na nyingine saa kumi zimeshakula bajeti hiyo bila wewe kusikia. Hakuna mtu Tassia anayekunywa chai ya kijiko kimoja.

Na tukilinganisha na kilicho chini ya ngazi, kopo linaaibika. Gramu 100 za papai zina vitamini C miligramu 60 na zaidi. Mapera yanapita 200. Ndizi mbivu ina potasiamu kama miligramu 360. Sosi ya matufaha haifiki hata 100. Epo nalo likiwa zima, na ganda lake, lina nyuzinyuzi gramu 2.4, mara mbili ya sosi, maana ganda ndilo hutupwa kwanza wakati wa kutengeneza. Tuna ugonjwa fulani wa kuona kitu cha kopo kilichovuka bahari ni cha hadhi kuliko papai la Marikiti. Mwili hausomi lebo.

Kuna jambo jingine ambalo namba hizi hazionyeshi: kutafuna. Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, walichapisha kwenye jarida la Lancet jaribio rahisi sana. Watu walipewa matufaha mazima, matufaha yaliyopondwa, na juisi yake. Juisi ilinyweka mara 11 haraka kuliko matufaha mazima, na mara 4 haraka kuliko yaliyopondwa. Walioshiba zaidi ni waliotafuna, wakafuatiwa na wa rojo, wa juisi wakawa mkia. Mwaka 2009 watafiti wa chuo cha Penn State kule Marekani walirudi kwenye wazo hilohilo: waliokula tufaha zima kabla ya chakula cha mchana walipunguza walichokula mezani kwa asilimia 15 wakilinganishwa na siku walipoanza bila kitu. Sosi ya matufaha haikufikia hapo, ijapokuwa kalori zilikuwa sawa. Kwa hivyo ukiwa na meno na epo mkononi, kwa nini ulipe kiwanda kikutafunie?

Sasa turudi kwa yule asiye na meno.

Kina mama wengi wadogo mtaani, na kina baba pia siku hizi, wakifikisha mtoto miezi sita huanza kutafuta chakula laini. Kijichupa cha matufaha kinavutia: hakina mifupa, hakina pilipili, mtoto anakipenda mara moja, na picha ya tunda iko hapo mbele. Swali si kama mtoto ataugua akionja tufaha lililopondwa. Hataugua, na lisilo na sukari ni chakula kizuri tu. Swali ni tumbo lake ni dogo kiasi gani, na umelijaza nini.

Kuanzia miezi sita, madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto yanaanza kuisha, na maziwa ya mama peke yake hayatoshi kuyarudisha. Tufaha lina chuma kidogo mno, kama miligramu 0.1 kwa gramu 100. Ukimpa sosi saa nne, sosi saa saba, sosi jioni, analala ameshiba na damu yake inapungua polepole bila kelele. Vinavyomsaidia vinauzwa kwa bei ya mtaa: omena zilizosagwa zikachanganywa kwenye viazi, yai lililoiva vizuri, maini yaliyopondwa, ndengu. Tunda lije juu ya hapo, si badala yake. Na sukari ya kuongezwa kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili haina kazi yoyote. WHO inashauri asipewe vyakula vya sukari nyingi wala vinywaji vitamu. Mtoto anayefundishwa kwamba tunda lazima liwe tamu kama peremende atakukatalia papai ukimletea.

Asali nayo isionjeshwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata kidogo kwenye kidole. Inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda na la mtoto haliviwezi.

Halafu kuna suala la kuhara, na hapa ndipo ushauri wa mtandaoni unaweza kuumiza mtu. Kwa miaka mingi Wamarekani walikuwa na mtindo wa kumpa mtoto anayehara vitu vinne tu: ndizi, wali, sosi ya matufaha na mkate wa kuchomwa. Bado utaukuta ukisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba ni agizo la daktari. Madaktari wa watoto huko huko waliuacha, kwa sababu ni lishe maskini kwa mtoto anayehitaji nguvu ya kupona. Sosi yenye sukari ina tatizo la ziada: sukari nyingi ikifika kwenye utumbo uliokasirika huvuta maji kuingia humo, na kuhara kunaongezeka. Juisi na soda hufanya vivyo hivyo.

Katika fleti ambapo maji hupandishwa ngazi kwa mtungi, na wakati mwingine hujui mtungi ulilala wapi, kuhara si habari ya mbali. Tiba inayookoa ni ORS, ule unga wa pakiti unaochanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, na 10 kwa aliye chini ya hapo. Aendelee kunyonya na kula chakula chake cha kawaida. Akiwa na macho yaliyodidimia, akishindwa kunywa, akilegea, au kukiwa na damu kwenye kinyesi, hiyo si kazi ya jikoni tena. Beba mtoto uende hospitali, hata kama ni usiku.

Na kwa yeyote anayeamini kwamba cha ng'ambo ni salama kwa sababu tu ni cha ng'ambo, kuna kisa cha WanaBana. Oktoba 2023 pakiti za kufinya za matufaha na mdalasini za kampuni hiyo ziliondolewa madukani Marekani baada ya watoto kupatikana na madini ya risasi kwenye damu. Mdalasini uliotumika ulikuwa umechafuliwa kwa risasi; tufaha halikuwa na kosa. Walioathirika walihesabiwa kwa mamia. Sisemi hivyo ili uogope kila kopo. Nasema ni chakula cha kiwandani kama vingine, na viungo vingi zaidi humaanisha milango mingi zaidi ya kitu kuharibika.

Haya, kopo umeshaletewa na binamu, na kulitupa ni ujinga. Lifanyie nini?

Keki ndiyo kazi yake bora. Kwenye keki ya ndizi au kwikwi ndogo za chai, unaweza kuondoa nusu ya mafuta na kuweka sosi kwa kipimo kilekile. Sosi inashika maji kwa sababu ya pektini, kile kitu kinachogandisha jemu, hivyo keki haikauki haraka. Faida ya kalori ni kubwa: nusu kikombe cha mafuta kina kalori 900 na zaidi, nusu kikombe cha sosi tamu hakifiki 100. Usiondoe mafuta yote, lakini. Mafuta ndiyo huzuia unga usivutike. Ukiyatoa kabisa na ukakoroga kwa nguvu, utatoa mpira. Na kama kopo lina sukari, punguza sukari ya mapishi kijiko kimoja kikubwa kwa kila kikombe cha sosi. Yai moja unaweza kulibadilisha kwa robo kikombe cha sosi, ijapokuwa keki haitaumuka sana, kwa hiyo isiwe ya mayai manne.

Siri ndogo: ndizi iliyoiva mpaka ganda likawa na madoadoa, ikapondwa kwa uma, hufanya kazi hiyohiyo. Wale wa video wanatumia sosi ya matufaha kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kabati zao. Ladha ya ndizi itasikika zaidi, ndiyo, lakini huo ni ubaya gani? Kwenye chapati usijaribu, utalia. Kwenye mandazi unaweza kuchanganya kidogo kwenye unga, ila yakishaingia kwenye karai la mafuta, zile hesabu zako za kupunguza kalori zimezama nayo.

Mtu wa pili niliyemtaja mwanzoni ni mgonjwa, mara nyingi mzee, asiyeweza kumeza kapsuli. Dawa ya omeprazoli, inayotumiwa sana kwa vidonda vya tumbo na kiungulia, ni kapsuli yenye chembechembe ndani, na kila chembe imefunikwa ili isiharibiwe na asidi ya tumbo. Karatasi ya dawa hiyo inaweza kukwambia ufungue kapsuli, unyunyize chembe kwenye kijiko cha sosi ya matufaha, umeze mara moja bila kutafuna, kisha unywe maji. Sosi imechaguliwa kwa kuwa ni laini na ina uchachu, na uchachu huo hauyeyushi ule mfuniko. Kosa linalofanyika nyumbani ni kusaga chembe hizo na kijiko ili shosho asihangaike, au kuzichanganya na maziwa au uji. Hapo dawa inaharibika kabla haijafika inakotakiwa, na mgonjwa anaendelea kuumwa huku akiambiwa anatibiwa. Rojo la tufaha la kupika mwenyewe linatosha kabisa kwa kazi hii. Lakini si kila kapsuli hufunguliwa, kwa hiyo muulize mtu wa kemisti kwanza, kwa kila dawa.

Kulipika hakuchukui nusu saa, na gesi ya mtungi mdogo haitakulilia. Nunua epo nne. Ya kijani yana uchachu zaidi, mekundu ni matamu na hayahitaji sukari kabisa. Ukipata ya Wambugu, aina inayokuzwa hapa kwetu Kenya, bora zaidi, lakini mengi ya mkokoteni ni ya kutoka Afrika Kusini na yanafaa. Yaliyogongwa kidogo ambayo mama mboga anakuachia kwa bei ya chini ni sawa, kata tu pale palipobonyea. Yaliyooza au yenye ukungu achana nayo. Ukungu wa matufaha hutoa sumu inayoitwa patulini, na kama ilivyo kwa aflatoksini kwenye mahindi, kuchemsha hakuiondoi.

Osha, menya, toa mbegu, kata vipande. Weka kwenye sufuria na maji robo kikombe, funika, moto wa chini, dakika 15 hadi 20, ukikoroga yasishike. Ponda kwa mwiko au uma. Matone machache ya limau yanazuia rangi isigeuke kahawia. Kwa mtoto, ishia hapo. Kwako, onja kwanza kabla ya kufikia kikopo cha sukari. Mara nyingi utagundua halihitaji chochote.

Bila friji, pika la kuliwa siku hiyo. Ukiwa na friji, funika vizuri ulimalize kwa siku tatu nne, na kopo la dukani likishafunguliwa usiliache na sosi ndani, hamishia kwenye bakuli la glasi au plastiki lenye kifuniko. Wanaopenda kujaza mitungi ya kuhifadhi kwa miezi wajue hili: tufaha lina asidi ya kutosha kiasi kwamba kuchemsha mitungi kwenye sufuria ya maji hutosha kuua vijidudu hatari, lakini rojo la papai au la ndizi halina. Hilo usilifungie kwenye mtungi wa kabatini hata kama video imesema ni rahisi. Papai lile leo, na kesho utashuka ngazi ununue jingine.